Ateri Isiyokuwemo Kitabuni

Nikiwa mwaka wa pili wa udaktari, nilidhani nimeharibu maiti. Kitabu kilionyesha ateri ya upande wa kulia wa ini ikitoka kwenye shina la juu, lile linalolisha pia tumbo na wengu. Ya mzee wetu ilichomoza chini zaidi, kwenye ateri ileile inayolisha utumbo mwembamba, ikapanda nyuma ya kongosho hadi kwenye ini. Nikaanza kunakili mchoro wa kitabu. Mwalimu akanizuia: "Chora ulichokiona."

Baadaye nikajua kosa langu lina ukoo mrefu. Mwaka 1543 Andreas Vesalius alionyesha kwamba Galen, tabibu aliyeaminiwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, alikuwa amepasua wanyama akaeleza mwili wa binadamu. Jacobus Sylvius, aliyewahi kumfundisha Vesalius huko Paris, hakukubali. Galen hakukosea, alisema. Miili ya watu ndiyo iliyobadilika.

Karne moja baadaye, katika jiji hilohilo, Jean Riolan alibishana na William Harvey, Mwingereza aliyetangaza mwaka 1628 kwamba damu huzunguka mwilini. Riolan alikubali nusunusu: izunguke kwenye mishipa mikubwa, lakini si kwenye ile ya utumbo. Harvey alimjibu kwa maandishi mwaka 1649. Leo jina la Riolan limebaki kwenye tao linalounganisha ateri mbili kuu za utumbo. Si kila mtu analo. Kwa aliye nalo, ateri moja ikiziba polepole, damu inaweza kuzungukia humo na kuuokoa utumbo.

Mwaka 1955 Nicholas Michels wa Marekani alichapisha matokeo ya kupasua maiti 200. Mpangilio wa ateri za ini uliozoeleka vitabuni aliukuta kwa takriban asilimia 55 tu. Mpasuaji wa kongosho asiyekumbuka hao wengine anaweza kulikatia ini damu yake.

Mchoro wangu ninao bado. Mzee yule alizeeka na ateri ile, nayo haikuacha kulilisha ini lake hata siku moja. Mimi, kwa penseli tu, nilikuwa tayari kuifuta kwa sababu kitabu hakikuwa nayo.