Sumbawanga: walipokelewa, sasa wananunua

Ndugu zangu, nilikuwa kimya kidogo. Nilikwenda nyumbani Sumbawanga, na aliyewahi kulala pale mwezi wa saba anajua kwa nini vidole havikutaka kuandika chochote. Kilichonirudisha kwenye kalamu ni kikao cha mtaa.

Mtaani kwetu kuna kanisa (sitalitaja, na kulishtaki siyo kusudi langu) linalotaka kujenga jengo kubwa zaidi la ibada, kisha liongeze madarasa na bweni kwenye shule yake. Limekwisha kununua viwanja vitatu vya majirani, linataka vingine vinne. Nilikwenda kikaoni nikitegemea mabishano ya dini. Hakuna aliyeigusa dini! Mama mmoja anayekaa chini bondeni aliuliza maji ya mvua ya paa kubwa namna ile yataelekea wapi, maana ya paa la sasa tayari yanapita jikoni kwake. Kijana wa bodaboda akauliza habari ya njia ya mkato ya kwenda sokoni. Mwingine akauliza ada, na je, mtoto wa jirani atapunguziwa? Kisha akasimama mzee ambaye mtaa mzima unamwita Babu. Akasema, "Sisi tuliwapokea. Siku hizi mnatununua." Akakaa.

Tangu siku ile sentensi hiyo imekataa kunitoka. Nikaona nirudi nyuma kidogo, nione huko kupokea kulikuwaje.

Tuanze Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako sasa ni Mkoa wa Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji wa ile jumuiya ya Mfalme Leopold II walijenga kituo pale. Mwaka 1885 mkutano wa Berlin ukaisha, Wajerumani wakajichukulia upande huu, naye Leopold macho yake yote yakawa Kongo. Kituo kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, shirika ambalo Lavigerie alilianzisha Algiers mwaka 1868. Yaani, kiwanja cha misheni ile kongwe kilitoka mkononi mwa mgeni kikaingia mkononi mwa mgeni mwenzake. Karema yenyewe ilikuwa mahali pa kukabidhiana tu. (Wageni wa enzi zile walikuwa wakarimu sana kwa mali za wengine. Mwaka 1880 Joseph Thomson, Mskoti, alipita Ufipa, akaliona Ziwa Rukwa na kulibatiza jina la Leopold huyo huyo, ambaye hakuwahi kutia mguu hapa.)

Kupanda juu uwandani ilikuwa habari tofauti. Kule mapadri walikuta nchi yenye wenyewe: falme mbili, Nkansi na Lyangalile, kila moja na mwene wake, na vijiji vya wakulima waliojua wanachofanya. Kwenye eneo la namna hiyo huwezi kujenga tu. Unaishi na watu. Mwanahistoria Kathleen Smythe alitoa kitabu mwaka 2006 kuhusu familia za Kifipa na Ukatoliki wa Nkansi, na ndani yake mna jambo lililonifanya nimwelewe Babu. Anaeleza kwamba Wafipa waliwatazama mapadri kwa macho ya ukoo. Padri akiitwa baba, basi atende kama baba: alishe, atibu, aamue ugomvi, asaidie mahari. Hata bweni halikuwa kioja kama tunavyodhani, kwa sababu mtoto wa Kifipa alizoea kutoka nyumbani kwa wazazi mapema, akakulia kwa bibi na babu na kati ya vijana wenzake. Shule ya misheni iliingia kwenye njia iliyokuwapo tayari.

Kwa hiyo kumpa mgeni mahali pa kujenga kulikuwa ni kufungua daftari la deni, na deni lenyewe halikuwa la kulipwa siku moja likaisha. Kila upande ulikuwa na haki ya kumdai mwenzake.

Sasa tazameni karatasi zilikuwa zinasema nini wakati huo huo. Mwaka 1895 Wajerumani walitoa amri kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika koloni lao ni mali ya dola. Isiyo na mwenyewe! Anayejua kilimo cha Wafipa atacheka kwa uchungu. Mfipa hulima kwa ntumba, yale matuta makubwa ya mviringo: anafunika majani kwa udongo, yanaoza, yanakuwa mbolea. Baada ya misimu kadhaa shamba linaachwa lipumzike, majani yarudi. Mpita njia ataliona pori. Mwenye shamba anaona ghala lake. Karani wa Kijerumani aliona nini, jazeni wenyewe.

Waingereza wakaja na sheria yao ya ardhi ya 1923, ardhi yote ikawa ya umma chini ya Gavana. Baada ya uhuru, umilikaji wa kudumu uliotolewa wakati wa Wajerumani ulifutwa mwaka 1963, ukageuzwa kuwa upangaji wa miaka 99 kwa serikali.

Halafu ukafika mwaka 1969, ambao ningependa vijana wa Rukwa waukumbuke zaidi. Mwaka huo ile mikataba ya upangaji iligeuzwa kuwa haki ya kumiliki kwa masharti, hati kama tunazozijua. Mwaka huo huo Sheria ya Elimu iliziweka mikononi mwa serikali shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku. Na mwezi wa kumi jimbo la Karema likabadilishwa jina, likawa Jimbo la Sumbawanga. Ndani ya mwaka mmoja kanisa lilihamishia jina lake mjini, likabaki na hati na kuachia shule. Ile kamba iliyomfunga padri na jirani kwa karibu zaidi, yaani mtoto wa jirani kusomea pale, ikashikwa na mwajiri mwingine kabisa.

Sera ya Elimu ya 1995 ilipofungua milango zaidi kwa shule binafsi, makanisa ya kila aina yalirudi kwenye elimu kwa nguvu, ila safari hii na risiti ya ada. Sisemi kwa ubaya. Mama yangu alisomea misheni, na kalamu hii ninayojidai nayo ina mkono wao. Lakini jirani wa shule ya misheni ya zamani alikuwa ndugu anayedai. Jirani wa shule ya sasa ni mteja, au ni mtu aliyekaa kwenye kiwanja kinachotakiwa.

Na siyo mtaani kwetu tu. Nje kidogo ya mji liko shamba la Malonje, lililokuwa la serikali kabla ya kwenda kwa huduma ya Efatha, na mgogoro wake na vijiji vya jirani ulifika mpaka Bungeni. Ule ni wa mashamba makubwa, wetu ni wa jiko na njia ya mkato.

Sheria za ardhi za 1999 zinataka anayenyang'anywa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Kijijini, ardhi isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Vizuri. Ila mtaani kwetu hakuna anayenyang'anywa, watu wanauza kwa hiari, mmoja baada ya mwingine. Kubadilisha kiwanja cha makazi kiwe cha shule kunahitaji kibali cha mamlaka ya mipango, sawa. Lakini yule mama wa bondeni, ambaye hauzi wala hanunui, anaingia kwa mlango gani?

Kikao kiliahirishwa ili kanisa lilete ramani. Imeletwa, nimeiona kwa mwenyekiti: karatasi safi, rangi nzuri, bweni la ghorofa mbili. Nimetafuta njia ya mkato kwa kidole, sijaiona. Jiko la mama nalo halimo. Babu ameomba asomewe ramani yote kwa sauti kwenye kikao kijacho, kuanzia mpaka wa juu hadi mtoni, na mwenyekiti amekubali. Nitakuwepo.