Katabi (mzimu)

Katabi (pia Katavi) ni mzimu wa mahali unaojulikana magharibi mwa Tanzania, hasa kati ya Wapimbwe, Wabende na Wafipa. Masimulizi yanasema Katabi alikuwa mwindaji mashuhuri, na kwamba roho yake inakaa katika mti wa mkwaju karibu na Ziwa Katavi, kusini mwa mji wa Mpanda. Wanaotafuta baraka huweka sadaka chini ya mti huo.

Jina la mzimu limeenea kuliko ibada yenyewe. Limebebwa na ziwa, halafu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2012 na Mkoa wa Katavi uliomegwa kutoka Mkoa wa Rukwa. Ziwa lenyewe hujaa wakati wa masika kwa maji ya mto Katuma. Kiangazi kikizidi hubaki uwanda wa nyasi na matope, viboko wakisongamana katika madimbwi.

Katika imani za eneo hilo mizimu ya namna hii hukaa ziwani, mlimani au msituni, na kila mmoja una watu wake wa kuuhudumia. Huko Ufipa, ambako mwanaanthropolojia Roy Willis alifanya utafiti katika miaka ya 1960, mizimu ya mahali ilihusishwa na chatu. Maarifa yanayotoka kwa mzimu hayapatikani kwa mazoezi ya mtu kukaa kimya na kuondoa mawazo, kama wafanyavyo wafuasi wa Utao nchini China katika tafakuri iitwayo *zuowang*, yaani “kukaa na kusahau”. Mzimu ndio humjia mtu: humpanda ghafla, na maneno anayotamka huchukuliwa kuwa si yake. Kwa hiyo anayeheshimiwa ni mzimu uliosema, wala si lazima mtu huyo awe ametangulia wengine kwa hekima.

Ukristo ulifika mapema katika eneo hili. Wamisionari wa Afrika walianzisha misheni ya Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885. Sadaka za mkwajuni hazikukoma kwa sababu hiyo. Lakini ziwa sasa liko ndani ya hifadhi, ambamo makazi hayaruhusiwi na kuingia kunahitaji idhini, hivyo mti unaoombewa na wenyeji umekuwa pia kituo cha kuonyeshwa watalii.