Mwana wa Mwizi: Filamu ya Awaara na Hukumu za Barazani

Wahenga wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema mwana wa nyoka ni nyoka. Ya pili yasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kila moja ina wafuasi wake, na si ajabu mtu mmoja kuzitumia zote mbili kwa siku moja, kwa kutegemea kama mtoto anayezungumzwa ni wake au ni wa jirani. Katika miaka ya 1950 mzozo huu wa kale ulipata uwanja mpya katika mji wa Unguja na katika miji mingine ya pwani. Uwanja huo ulikuwa ukumbi wa senema, na baada ya ukumbi, baraza.

Senema haikuwa jambo geni Unguja wakati huo. Tangu mwaka 1921 mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alikuwa amekwisha fungua jumba la Royal, na watu wa mji, wa Ng'ambo kwa wa Mji Mkongwe, walikuwa wamekwisha zowea kukaa gizani pamoja na kukikodolea macho kitambaa cheupe. Royal iliungua katika miaka ya 1950, na pahala pake pakajengwa Majestic. Majumba mengine yalikuwapo pia, Empire na Sultana, na baadaye Cine Afrique kule Malindi. Pemba nayo ilikuwa na senema zake Wete na Chake Chake. Filamu zilitoka Marekani, Uingereza, Misri na Bara Hindi. Za Misri zilipendwa kwa sauti za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, ambazo wapenzi wa taarabu walikwisha zijua kwa sahani za santuri. Lakini zilizoshika mioyo ya watu wengi zaidi, na kuishika kwa muda mrefu, zilikuwa filamu za Bombay.

Siku ya Jumapili ilikuwa siku ya filamu ya Kihindi. Familia nzima zilitoka zimevaa nguo za kutokea, kina mama na mabuibui yao, watoto wakiwa wamepakwa mafuta na kuchanwa nywele. Tiketi za filamu mpya zilikwisha mapema, na walanguzi wakauza walizozificha kwa bei waliyoitaka wao. Kwa wanawake waliokaa utawani palikuwa na maonesho yao peke yao, ambapo mwanamume haingii. Pengine nakala ya filamu ilikuwa moja tu na majumba yanayoionesha ni mawili. Basi mkanda ukimalizika huku, kijana aliuchukua kwa baiskeli mbio kuupeleka kule, na watazamaji wa kule wakasubiri kwa makelele.

Miongoni mwa filamu hizo hakuna iliyozungumzwa zaidi kuliko Awaara, iliyotoka Bombay mwaka 1951. Mwelekezi wake, na mchezaji wake mkuu, alikuwa Raj Kapoor. Aliyecheza naye ni Nargis. Hadithi yake ni hii. Yupo hakimu mmoja, Raghunath, mwenye imani thabiti kwamba mwana wa mtu mwema huwa mwema na mwana wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo alikwisha mhukumu mtu aitwaye Jagga, ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuzaliwa na baba mhalifu. Jagga akitoka kifungoni anakuwa jambazi kweli, na analipiza kisasi kwa kumteka mke wa hakimu. Anapojua kuwa yule mama ni mja mzito, anamwachia arudi kwake, kwani anajua kwamba shaka itamtesa hakimu kuliko kisu. Na ndivyo iwavyo. Hakimu anamfukuza mkewe usiku wa mvua, na mtoto anazaliwa njiani.

Mtoto huyo, Raj, analelewa katika mitaa ya mafukara ya Bombay. Anafukuzwa skuli kwa kuwa anapiga viatu rangi ili mama yake ale. Mama akiugua kwa njaa anaiba mkate, anatiwa jela, na huko jela anapewa mkate uleule alioukosa akiwa huru. Mwalimu wake wa wizi ni Jagga mwenyewe, ambaye ameapa kumwonesha hakimu kwamba damu ya hakimu nayo yaweza kuwa damu ya mwizi. Raj anakutana tena na Rita, rafiki yake wa utotoni, ambaye sasa ni msichana msomi wa sheria anayelelewa katika nyumba ya hakimu. Mambo yanaishia mahakamani: mwana kizimbani, baba mbele yake, na wakili wa mshitakiwa ni yule mwanamke ampendaye. Raj hajitetei kwa kusema hana hatia. Anawaomba wenye kumhukumu wawafikirie watoto wengine wa mitaani ambao bado hawajaharibika. Anafungwa miaka mitatu, na Rita anaahidi kumngojea.

Watu walitoka ukumbini na hukumu nyingine mkononi, nao walikwenda kuitoa barazani. Huko filamu ilianza upya. Mwenye kumbukumbu nzuri aliisimulia kwa waliokosa tiketi, na kila alipofika pahala pazito alikatizwa. Je, hakimu alikuwa na haki ya kumfukuza mke ambaye hakuwa na kosa? Je, mama alifanya vyema kumficha mwana jina la baba yake? Msichana aliyelelewa nyumbani kwa watu wakubwa, aachilie heshima hiyo kwa ajili ya kijana asiye na mlango? Mwenye kikombe cha kahawa alikishika mpaka kikapoa, akingojea zamu yake ya kusema.

Maswali hayo hayakuwa ya Bombay peke yake. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na kwa masuria mwaka 1909. Kwa hivyo katika miaka ya 1950 walikuwapo wazee waliozaliwa kabla ya sheria hizo, na wajukuu wao walikuwa ndio vijana waliojaza viti vya mbele vya senema. Suala la nani mwana wa nani halikuwa limekwisha. Lilitokeza zaidi mlangoni pa posa. Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, inalitambua jambo la kufu, yaani mume kulingana na mke, na miongoni mwa yanayotazamwa ni nasaba na uungwana. Kijana aweza kuwa na adabu, elimu na kazi, kisha akarudishwa kwa sababu ya babu ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Hilo halikuweza kusemwa kwa urahisi mbele ya wazee. Lakini kumsema hakimu Raghunath hakukumvunjia mtu heshima. Aliyetaka kumlaumu baba wa mchumba wake alimlaumu Raghunath, na wote waliokaa pale walifahamu.

Siasa nayo ilikuwa mlangoni. Uchaguzi wa kwanza Zanzibar ulifanywa mwaka 1957, na katika miaka iliyofuata watu walitakiwa kujihesabu kwa asili zao kuliko walivyopata kufanya kabla. Filamu iliyosema kwamba mtu hatengenezwi na damu bali na malezi na dhiki ilisikika kwa namna nyingine katika mji wa namna hiyo. Haina maana kwamba iliwapatanisha watu. Walioamini nasaba walitoka na hoja zao pia: si mwisho wa yote Raj alikuwa mwana wa hakimu, na wema wake haukutoka hukohuko? Hoja hii ina nguvu, na filamu yenyewe haikuijibu sawasawa. Kuna na kichekesho ndani yake. Hakimu Raghunath alichezwa na Prithviraj Kapoor, babake Raj Kapoor wa kweli. Raj wa utotoni alichezwa na mdogo wake, Shashi. Na katika mahakama akaonekana pia babu yao. Filamu inayokana nasaba ilitengenezwa na ukoo mmoja.

Mtu aweza kuuliza watazamaji walifahamu vipi maneno, hali wengi wao hawakujua Kihindi. Jibu la kwanza ni kwamba jirani alimfasiria jirani, na filamu ilitazamwa mara ya pili na ya tatu. Jibu la pili limo katika lugha yenyewe. Lugha ya filamu za zama zile ilijaa Kiurdu, na Kiurdu kimekopa Kiarabu kama Kiswahili kilivyokopa. Sikio la Mswahili lilisikia duniya, waqt, insaf, hukm, kitab na adab, likatambua dunia, wakati, insafu, hukumu, kitabu na adabu. Mohabbat haikuhitaji mkalimani kwa mtu aliyekwisha imba mahaba.

Baada ya Awaara zikaja nyingine zilizoendeleza kesi ileile. Katika Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, Nargis yuleyule ni mama mkulima aliyeahidi kulinda heshima ya wasichana wa kijiji chake. Mwanawe Birju, aliyegeuka jambazi kwa uchungu wa dhuluma ya mkopeshaji, anamteka binti wa mkopeshaji huyo siku ya arusi yake. Mama anashika bunduki na kumpiga risasi mwanawe. Katika Mughal-e-Azam ya K. Asif, ya mwaka 1960, Prithviraj Kapoor anarudi, safari hii akiwa Mfalme Akbar, na mwanawe Salim anampigania Anarkali, mcheza ngoma asiyekuwa na hadhi ya kuwa malkia. Ni baba yuleyule aliyevaa taji badala ya joho la hakimu. Wapenzi wa senema waliziweka filamu hizi tatu mizani moja na kubishana: nani alikuwa na haki zaidi, mama aliyeua kwa kutimiza ahadi, au mfalme aliyetaka kuua kwa kulinda kiti?

Mabishano hayo yaliingia hata katika ushairi, kwa mlango wa nyimbo. Muziki wa Awaara, uliotungwa na Shankar na Jaikishan na kuimbwa na Mukesh na Lata Mangeshkar, ulitoka ukumbini pamoja na watu. Mombasa, Juma Bhalo alijenga jina lake kwa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi, na mengi ya mashairi aliyoyaimba yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo. Kazi hiyo si nyepesi. Wimbo wa filamu una kiitikio kinachorejewa na beti zinazopanda juu kisha kushuka. Shairi la Kiswahili lina mizani nane kwa nane, kina cha kati na kina cha mwisho, na mkazo wake hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Mwimbaji mzembe hulivunja shairi ili lienee katika tuni. Aliye hodari huvuta silabi pale penye uzito wa maana, kina kikaangukia pahala ambapo ngoma nayo inatua. Msikilizaji akapata mahadhi ya Bombay na wasia wa Mvita kwa pamoja.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 majumba ya senema yaliingia mikononi mwa serikali. Katika miaka ya 1970 Zanzibar ilipata televisheni ya rangi, na katika muongo uliofuata kaseti za video zikaingia majumbani. Watu waliendelea kutazama filamu za Kihindi, lakini kila nyumba kwa wakati wake. Majumba yakafungwa moja baada ya moja. Tangu mwaka 1998 tamasha la filamu la ZIFF limewarudisha watu kutazama pamoja usiku, katika Ngome Kongwe, ila hilo huja mara moja kwa mwaka.

Kilichopotea zaidi ya majumba ni ule mwendo wa usiku wa Jumapili kutoka Majestic hadi barazani, watu mia kadhaa wakiwa wameona jambo moja kwa saa moja na kila mmoja ana hukumu yake. Kesi ya Raj ilisikizwa huko mara nyingi kuliko mahakamani mwake. Wengine walimwachia huru, wengine wakamfunga, na wako vijana waliokwenda nyumbani kimya, posa yao ikiwa bado haijajibiwa, wakijua ni upande upi wangependa ushinde.