Vipimo vya dawa za saratani kwa mbwa na paka

Vipimo vya dawa za saratani kwa mbwa na paka hupangwa kwa uzito au kwa ukubwa wa eneo la ngozi, kisha hurekebishwa kulingana na jeni na ini la mnyama. Afrika Mashariki na mashariki mwa Kongo, suala hili hujitokeza hasa katika uvimbe wa zinaa wa mbwa na dawa yake kuu, vinkristini.

Uvimbe wa zinaa

Uvimbe huu ni saratani ya ajabu: seli zake hai huhama kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kujamiiana, kulambana au kunusana. Mrusi Novinsky aliihamisha kwa kuipandikiza mwaka 1876. Mbwa wa kawaida ana kromosomu 78, ila seli za uvimbe huu huwa na takriban 57 hadi 59, na zote zimetoka kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Dalili ya kwanza mara nyingi ni damu inayodondoka sehemu za siri, na wenye mbwa wengi huidhania ni joto la jike. Ugonjwa hustawi mahali mbwa wanapozurura huru.

Vinkristini, inayotokana na mmea wa vinka wa Madagaska, huponya mbwa wengi. Hudungwa mshipani mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki nne hadi nane. Ikivuja nje ya mshipa, nyama huoza. Kwa hiyo daktari makini hutangulia kupitisha maji ya chumvi na kuhakikisha sindano imekaa sawasawa. Utafiti wa Brazili wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba uvimbe mkubwa na umri mkubwa huchelewesha kupona.

Hesabu ya kipimo

Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita mraba ya ngozi. Mbwa wa kilo 20 ana takriban mita mraba 0.74, hivyo kwa kipimo cha 0.7 hupata karibu nusu miligramu, yaani nusu mililita ya dawa ya kawaida. Hesabu hii huwaonea mbwa wadogo, ambao ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito. Ndiyo maana doksorubisini hupimwa kwa kilo kwa mbwa wadogo. Vinkristini husafishwa na ini, na ini bovu huongeza sumu yake. Seli nyeupe hushuka kwa kawaida ndani ya wiki moja baada ya sindano, na zikiwa chache mno sindano inayofuata huahirishwa.

Jeni ABCB1

Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya mbwa na mbwa ilipopatikana. Jeni ya ABCB1, iliyoitwa awali MDR1, huunda P-glaikoprotini, protini inayosukuma dawa nje ya ubongo na kuielekeza kwenye nyongo. Mwaka 2001 Katrina Mealey na wenzake wa Washington State University walieleza upungufu wa herufi nne katika jeni hiyo kwa mbwa wa aina ya Collie. Karibu robo tatu ya mbwa wa aina hiyo wana angalau nakala moja yenye kasoro. Mwenye nakala mbili mbovu hupunguziwa vinkristini kwa takriban nusu, mwenye moja kwa karibu robo. Asipopunguziwa, hutapika, huharisha, na seli zake nyeupe huporomoka vibaya. Uchunguzi wa jeni huhitaji ute wa shavu tu.

Paka

Sisplatini huua paka kwa kujaza mapafu maji. Haitumiki kwao kabisa.

Masisi

Katika milima ya malisho ya Masisi, mashariki mwa Kongo, ikiwemo Bihambwe, dawa inayopatikana kwa urahisi karibu na mbwa si ya saratani bali ni ivamektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe, inayosukumwa na P-glaikoprotini ileile. Ng'ombe hupewa mikrogramu 200 kwa kilo, yaani mililita 1 kwa kilo 50 kwa dawa ya asilimia moja. Kwa Collie mwenye nakala mbili mbovu, hata takriban mikrogramu 100 kwa kilo zinaweza kuleta kutetemeka, upofu na kuzirai, na bomba la sindano la ng'ombe halipimi vizuri sehemu ndogo ya mililita. Kasoro ya ABCB1 imeripotiwa hasa kwa mbwa wa kuchunga wa asili ya Uingereza na machotara wao. Kwa hiyo shaka ielekezwe kwanza kwa mbwa wa kigeni wanaoletwa mjini Goma na watoto wao waliozaliwa kwa kupandana na mbwa wa vijijini.