Bessie Head na Daftari la Kenosi

Bessie Head alizaliwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Julai 6, 1937. Mama yake, Mzungu, alikuwa amelazwa humo. Baba, mtu mweusi, hajajulikana jina hadi leo. Tangu 1927 sheria ilikuwa imeharamisha mapenzi ya Mzungu na Mwafrika nje ya ndoa. Kichanga kikapewa familia ya Kizungu, nayo ilipogundua rangi yake ikakirudisha.

Akalelewa na familia ya machotara, akiamini hao ndio wazazi wake. Siri ilifichuka akiwa bwenini kwa wamisionari: mama yako alikuwa kichaa, jiangalie nawe yasikukute. Mzigo wa namna hiyo kumtwisha msichana mdogo!

Mwaka 1964 aliondoka na mwanawe kwenda kufundisha Serowe, katika Botswana ya leo, kwa kibali kilichomkataza kurudi. Mwaka 1971 akalazwa hospitali ya akili ya Lobatse. Riwaya yake ya *A Question of Power*, iliyotoka 1973, ilizaliwa na miaka hiyo.

Elizabeth, mhusika mkuu, anateswa na sauti na maono. Sauti hizo zinasema nini? Medusa, mwanamke wa maono hayo, anamsuta kuwa ni chotara, hajui lugha ya Kiafrika, hana kwao. Ni maneno ya makaburu yaleyale, yamevuka naye mpaka. Anayekisoma kitabu hiki kama taarifa ya ugonjwa tu anaupuuza ushahidi wa Bessie juu ya waliompanga kwa rangi tangu siku ya kwanza.

Siku moja Elizabeth anabandika kwenye ukuta wa posta karatasi yenye tuhuma nzito, na anaishia hospitalini kwa miezi. Huku nyuma Kenosi, mwanakijiji asiye na maneno mengi, anaendelea na bustani waliyokuwa wakilima pamoja. Mauzo yote anayaandika kwenye daftari: nyanya, vitunguu, spinachi, kila kimoja na senti zake, majina ya Kiingereza akiyavisha viambishi vya Kitswana. Elizabeth anaporudi, hesabu inamsubiri.

Bessie hakubaki peke yake: mwaka 1988 Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe alimleta, katika riwaya yake, Nyasha, msichana anayerarua kitabu cha historia kwa meno. Daktari Mzungu anadai Waafrika hawaugui hivyo.

Bessie alipewa uraia wa Botswana 1979, baada ya miaka 15. Alifariki Serowe 1986. Barua na miswada yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Khama III, mjini hapohapo.