Wafalme na Watoto Wao wa Nje ya Ndoa

Ninyi mlio katika vikundi vya kusikiliza, sogeeni karibu na redio, na katibu wa kikundi awe na kalamu yake tayari.

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, yaani watoto wa wafalme waliozaliwa nje ya ndoa. Wazee wetu walisema, "Kitanda hakizai haramu." Maana yake, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa ni wa mwenye ndoa, wala watu wasiulize zaidi. Je, na yule aliyezaliwa nje ya kitanda hicho, naye baba yake ni mfalme? Tutazame kwanza babu na mjukuu wake huko Ulaya, kisha tuje pwani yetu.

Babu ni William. Alizaliwa yapata mwaka 1028 katika mji wa Falaise, nchi ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Baba yake, Robert, ndiye aliyekuwa mtawala wa nchi ile. Mama yake, Herleva, alikuwa binti wa mtu wa kawaida, na inasimuliwa kuwa mzee huyo alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Hawakuoana. Lakini Robert hakuwa na mwana mwingine wa kiume, basi alipotaka kwenda kuhiji Jerusalem aliwaapisha wakuu wake wamtii mtoto huyo. Mwaka 1035 Robert akafa njiani akirudi. William alikuwa na miaka saba au minane tu.

Mtoto yule aliona taabu. Walezi wake kadhaa waliuawa, na wakuu wakamwasi hata akawashinda vitani mwaka 1047. Inasimuliwa kwamba watu wa mji wa Alençon walitundika ngozi ukutani kumdhihaki kwa ajili ya kazi ya babu yake, naye alipouteka mji akawakata mikono na miguu. Walakini mwaka 1066 mtu huyo aliyeitwa mwanaharamu aliivamia Uingereza, akavikwa taji siku ya Krismasi.

Sasa mjukuu. Henry wa Kwanza, mwana wa William, alikuwa na watoto zaidi ya ishirini wa nje ya ndoa, lakini mwana wa kiume wa ndoa mmoja tu. Mwana huyo alizama baharini mwaka 1120. Alibaki Robert, mkubwa wa wale wa nje, mtu hodari wa vita na mwenye elimu. Henry akampa mali na cheo, lakini kiti cha ufalme hakumpa. Aliwaapisha wakuu wamkubali binti yake wa ndoa, Matilda. Henry alipokufa mwaka 1135, Stephen, mwana wa dada yake, akakinyakua kiti. Ndipo vikaja vita vya miaka mingi, na wanyonge wakateseka. Robert alimpigania dada yake, wala hakudai ufalme kwa nafsi yake. Mwaka 1141 Stephen alitekwa, baadaye Robert naye akatekwa, basi wakabadilishana wafungwa: mfalme mzima kwa mwana mmoja wa nje!

Kwa nini babu alipata na mjukuu akakosa? Damu ilikuwa ileile. Kilichobadilika katika miaka mia ile ni sheria, kwa maana Kanisa lilikuwa limezidi kukaza masharti ya ndoa, na wakuu wakazoea kuwa mrithi ni wa ndoa tu.

Na huku kwetu? Sayyid Said wa Unguja alifariki mwaka 1856. Majid aliyemrithi hapa, na Barghash aliyetawala kuanzia 1870, mama zao walikuwa masuria, yaani wanawake watumwa ambao hawakuulizwa ridhaa yao. Huko Uingereza watoto hao wasingalirithi kitu. Lakini kwa sheria ya Kiislamu mtoto wa suria, baba akimkiri, ni huru na halali sawa na mtoto wa mke. Wana hao waligombania kiti kwa ukali, lakini hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kuwa si mrithi kwa sababu ya mama yake.

Basi tunajifunza nini? Mtoto hachagui mlango wa kuingilia duniani. Jina la haramu hupewa na sheria za watu wazima, na sheria hubadilika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kuwa baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au hawakuoana.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Kwa nini Henry hakumpa Robert ufalme?

2. Katika kijiji chenu, mtoto wa nje hurithi nini? Nani aliyeamua hivyo?

Kwaherini, hadi somo lijalo.