Barua za Ukoo Mpakani: Siasa Ndani ya Salamu

Uhakiki wetu umekubali barua kuwa hati ya kihistoria pale tu inapotoka pwani. Barua za Kilwa za mwaka 1711, zilizohifadhiwa Goa, hutajwa kila ukongwe wa maandishi ya Waswahili unapojadiliwa. Miongoni mwa waandishi wake ni Malkia Fatima na bintiye, Mwana Nakisa. Humo jamaa, mji na mvutano wa Wareno na Waomani havitengani. Barua za Busia na Malaba hazijapata jicho kama hilo. Kisa, nadhani, ni kwamba waandishi wake hawakuwa na kiti cha enzi.

Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa upande wa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa. Mjomba akawa ng'ambo bila kuhama. Hata hivyo, tangu 1903 nchi hizi zilitumia stempu za pamoja, na barua iliyovuka mpaka haikuonekana kuwa imetoka ugenini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, posta ya pamoja nayo ilikwisha.

Ni katika miaka hiyo ndipo kanuni za utanzu huu zinapodai kusomwa upya. “Mimi ni mzima, hofu ni kwako” huchukuliwa na wahakiki kuwa maneno makavu ya ufunguzi. Lakini Februari 1976 Idi Amin alidai sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya kuwa ya Uganda. Shemeji aliyeandika “hofu ni kwako” kuvuka mpaka wakati huo alikuwa akiuliza swali zito la kisiasa, tena kwa maneno ambayo askari yeyote angeyafungua asione kosa. Lugha yenyewe ilikuwa na utata: Kiswahili, ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilikuwa pia lugha ya askari wake.

Baada ya salamu huja bei. Msomaji mwenye haraka hulipita fungu hili, naye hupoteza mengi. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazili mwaka 1975. Bei ya kahawa ikapanda duniani, na kahawa ya Uganda ikafurika Kenya kwa magendo, hasa kupitia Chepkube, Bungoma. Kwa hiyo aliyemwuliza nduguye “kahawa inakwendaje huko?” alikuwa akizungumzia mambo ya nje, ingawa hakulijua jina la Brazili.

Yaliyofuata, hadi mapigano ya mpakani ya Desemba 1987, yanahitaji utafiti wa nyumba kwa nyumba, kabla mchwa hawajamaliza kazi. Mtafiti asitupe bahasha. Miji miwili inayotazamana inaitwa Busia, na mara nyingi ni mhuri wa posta tu utakaomwambia barua iliandikwa upande upi.